WhatsApp imegoma, YouTube inazunguka: jua mkatiko uko wapi kabla hujafuta kitu

Kabla ya kuuliza ufanye nini, uliza nani mwingine imemgomea. Piga simu ya kawaida, ya salio, kwa mtu anayetumia laini ya mtandao tofauti na wako, umuulize kama WhatsApp yake inafanya kazi. Jibu lake linakupunguzia nusu ya kazi. Wengi wetu tunafanya kinyume: tunafuta programu, tunaipakua upya, tunabadili nywila, tunaweka VPN (programu ya kupitisha data yako kwa siri kupitia seva ya mwingine) tuliyoiokota popote, halafu ndipo tunauliza. Nimeona watu wengi zaidi waliopoteza meseji za miaka kwa sababu ya tiba kuliko kwa sababu ya ugonjwa wenyewe.

Huduma ikikatika, mkatiko uko sehemu moja kati ya nne. Unaweza kuwa ndani ya simu yako. Unaweza kuwa kati ya simu na mnara, au kati ya simu na ruta ya nyumbani. Unaweza kuwa kwenye njia kuu zinazoingiza intaneti nchini, yaani waya wa baharini umekatika au mwenye mamlaka amefunga. Au kampuni yenye programu imeanguka huko iliko. Mbili za kwanza unazimudu mwenyewe au kwa kumpigia mtoa huduma wako. Mbili za mwisho huzimudu, na lolote utakalofanya kwenye simu ni kujichosha au kujiharibia.

Ili kuzitenganisha, jaribu hivi. Fungua kwenye kivinjari tovuti ambayo hujaitembelea leo, kwa kuwa ya jana inaweza kutokea kwenye akiba ya simu ukadhani intaneti ipo. Kisha badilisha njia: kama uko kwenye data, omba hotispoti ya mwenzako mwenye laini nyingine. Mwisho badilisha kifaa: simu yake, njia yako. Programu ikikataa kwenye simu zote na njia zote, tatizo si lako. Ikikataa kwenye simu yako pekee kwa njia yoyote ile, simu yako ndiyo yenye jambo.

Hakuna kinachofunguka popote

Data imewashwa, alama ya 4G iko juu, lakini hata tovuti ya gazeti haifunguki. Anza na lile la aibu: bando. Kifurushi kinaweza kuisha usiku wa manane na meseji ya kukujulisha ikaja asubuhi, au isije kabisa. Angalia salio la MB kwenye menyu ya mtandao wako. Kama zipo, weka simu kwenye hali ya ndegeni, hesabu hadi kumi, iondoe. Simu itajisajili upya kwenye mnara, na mara nyingi hiyo inatosha.

Laini mpya, au laini uliyoihamishia kwenye simu iliyotoka nje ya nchi, huwa na shida ya APN, yale maandishi yanayoiambia simu ipitie mlango gani wa mtandao. Usiyabuni. Waambie huduma kwa wateja wakutumie mipangilio ya intaneti kwa SMS, uikubali, uzime simu na kuiwasha.

Kuna jingine ambalo mafundi wengi hulisahau. Simu za Android kuanzia toleo la 9 zina sehemu inayoitwa DNS ya Faragha, ya kuchagua seva itakayoiambia simu kila tovuti iko wapi. Watu huandika humo anwani fulani ili kuzuia matangazo, mara nyingi wamefanyiwa na shemeji au kijana wa duka, kisha wanasahau. Siku seva ile ikilala, simu inaandika kwamba imeunganishwa lakini hakuna intaneti, na hakuna hali ya ndegeni itakayosaidia. Ingia Mipangilio, tafuta neno DNS, irudishe kwenye otomatiki.

Kwa waifai ya nyumbani, soma taa za kifaa kabla ya kugusa waya. Kwenye intaneti ya faiba, taa iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu maana yake mwanga hauingii kabisa kutoka nje. Waya umekatika, umepindwa au umechomoka. Kuzima na kuwasha ruta hakutaleta kitu. Kama mtaani kwenu kuna katapila linachimba barabara, unajua pa kuanzia. Lakini LOS ikiwa imezima, taa ya PON inawaka kijani bila kupepesa, na bado hakuna intaneti, basi waya ni mzima. Aidha malipo ya mwezi yameisha, au tatizo liko kwa mtoa huduma.

WhatsApp inakwenda, vingine havifunguki

Hili ndilo linalowachanganya watu kuliko yote, na ndilo jepesi kuliko yote. Kijana mmoja wa bodaboda alinionyesha simu yake akilalamika kwamba YouTube imefungiwa. WhatsApp yake ilikuwa inapokea hadi picha. Kila kiungo alichotumiwa kwenye grupu akikigusa kinafungua ukurasa mweupe. Tulipotazama salio, kwenye mstari wa mitandao ya kijamii kulikuwa na MB za kutosha, na kwenye mstari wa intaneti sifuri. Alikuwa amenunua kifurushi cha mitandao ya kijamii kwa sababu ni rahisi, na kifurushi hicho hakiijui YouTube wala tovuti ya gazeti.

Vifurushi hivi vinafanya kazi kwa mtandao wako kutambua kwamba data inayopita ni ya WhatsApp, Facebook au Instagram. Kutokana na hilo kuna mambo kadhaa ya kushangaza. Ukiwasha VPN juu ya kifurushi cha namna hiyo, kila kitu kinakata, hata WhatsApp, kwa sababu mtandao hauoni tena kwamba ni WhatsApp. Unaona bomba moja lililofungwa. Pia simu za sauti na video za WhatsApp huweza kuwa nje ya kifurushi ilhali meseji zimo, ndiyo maana meseji zinapita na simu inabaki "inaunganisha". Soma masharti ya kifurushi kabla ya kumlaumu mtu.

Saa ndogo, tiki moja, tiki mbili

Alama ya saa pembeni ya meseji maana yake meseji bado iko mkononi mwako, haijatoka kwenye simu. Hapo tafuta kwenye simu na kwenye njia. Tiki moja ya kijivu maana yake imefika kwa WhatsApp lakini haijafika kwa unayemwandikia: kazima simu, hana bando, yuko porini, kabadilisha simu au kakublock. Upande wako hakuna cha kutengeneza. Ndoa nyingi zingepata utulivu kama hili lingeeleweka, kwa maana tiki moja haithibitishi chochote. Tiki mbili zimefika. Za bluu amesoma, ila mtu anaweza kuzima bluu.

Meseji zinaingia pale tu unapofungua programu? Hiyo si WhatsApp. Ni simu inayobana betri au data. Simu nyingi zinazouzwa kwetu huja zikiwa na uangalizi mkali wa betri, unaolaza programu ukizima kioo. Nenda kwenye taarifa za programu ya WhatsApp, ingia upande wa betri uiruhusu kufanya kazi bila kizuizi, kisha upande wa data uiruhusu kutumia data chinichini. Angalia pia kama Kiokoa Data kimewashwa. Zile programu za "kusafisha RAM" ziondoe kabisa. Zinaua WhatsApp halafu zinakupongeza.

Picha na sauti hazipakuliki lakini maandishi yanapita? Angalia nafasi. Simu ya GB 32 iliyojaa video za magrupu hufikia mahali haina hata MB 200, na WhatsApp inakataa kuhifadhi kitu kipya. Ndani ya WhatsApp, kwenye Mipangilio, sehemu ya hifadhi na data, utaona grupu gani limekula nafasi. Kwa kawaida ni la harusi iliyokwisha zamani.

Simu inasema tarehe si sahihi

Betri ikifa kabisa, au simu ikikaa kabatini muda mrefu, saa yake inaweza kurudi nyuma miaka. WhatsApp itakuambia waziwazi urekebishe tarehe. Programu nyingine haziko wazi hivyo: kivinjari kitasema muunganisho si salama, YouTube itasema hakuna mtandao, runinga itasema tu kuna hitilafu. Sababu ni moja. Tovuti na programu hujitambulisha kwa vyeti vya usalama vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Simu inayoamini kwamba tuko mwaka 2015 inaona cheti cha leo hakijaanza kutumika, inakikataa. Weka tarehe na saa ziwe za kiotomatiki, na eneo la saa liwe Afrika Mashariki.

Runinga janja na simu kuukuu zina shida ya kinyume. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti cha msingi kilichokuwa kikiaminiwa na vifaa vingi vya zamani kiliisha muda wake, na baadhi ya vifaa visivyopata masasisho vikaanza kukataa tovuti zilizokuwa zikifunguka jana yake. Kwa kifaa cha namna hiyo, kurekebisha tarehe hakutoshi. Kwa runinga, dawa ya bei nafuu ni kuchomeka kisanduku kidogo cha Android kwenye HDMI badala ya kununua runinga nyingine. Kwa simu, WhatsApp nayo iliacha Android zilizo chini ya toleo la 5.0 mwezi Oktoba 2023, na mwaka 2025 ikaacha iPhone zilizo chini ya iOS 15.1. Ukiambiwa simu haikubaliki tena, na haina sasisho jipya la mfumo, hakuna fundi atakayeirudisha kihalali.

Umetolewa nje ya akaunti, na nywila sahihi inakataliwa

Tarehe 5 Machi 2024, jioni kwa saa zetu, watu duniani kote walitolewa kwenye Facebook kwa mpigo mmoja. Wakiingiza nywila, inakataliwa. Kila mtu akadhani kadukuliwa peke yake. Waliokimbilia kubadilisha nywila walijikuta wanasubiri kodi (namba za uthibitisho) zisizokuja, wanajaribu tena, wanabadili tena. Baada ya kama saa mbili huduma ilirudi. Walioacha simu mezani waliingia kwa nywila zao zilezile, na waliobadilisha mara kadhaa wakabaki hawajui ipi ndiyo iliyoshika.

Kwa hiyo ukitolewa ghafla, rudi kwenye lile swali la kwanza. Ukisikia na jirani katolewa, kaa. Ukiwa peke yako, na hasa kama kuna barua pepe ya kukujulisha kwamba namba au barua pepe ya akaunti imebadilishwa, hapo chukua hatua haraka, kupitia programu yenyewe na si kupitia kiungo ulichotumiwa.

Kuanguka kwa kampuni kuna sura zake. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika pamoja kuanzia kama saa 12:40 jioni ya Afrika Mashariki, kwa muda wa kama saa sita. Wakati wa matengenezo ya kawaida, amri moja iliyotolewa ndani ya kampuni ilikata mtandao unaounganisha vituo vyao vya data. Seva zao za majina zikajiondoa kwenye intaneti, na dunia nzima ikawa haijui facebook.com iko wapi. Dalili yake kwenye simu ilikuwa programu tatu za mwenye mmoja kufa kwa wakati mmoja huku YouTube ikicheza vizuri. Ukiona hivyo, umeshapata jibu. Telegram peke yake ilisema ilipata watumiaji wapya zaidi ya milioni 70 siku ile.

Dalili nyingine ni programu zisizohusiana kuanguka pamoja. Programu nyingi zinakodi seva kwa kampuni chache kubwa. Tarehe 20 Oktoba 2025 hitilafu kwenye seva za Amazon huko Virginia, Marekani, ilizisumbua Snapchat na Signal pamoja na nyingine nyingi. Tarehe 18 Novemba mwaka huohuo ilikuwa zamu ya Cloudflare, kampuni ambayo tovuti nyingi hupitia kwake, na X ikawa miongoni mwa zilizoathirika. Mtu alikuwa anaona tovuti tatu za wenye tofauti zimekataa, nyingine tatu ziko sawa, anadhani simu imerogwa.

Kuna mtego mdogo kwa YouTube. Tarehe 14 Desemba 2020, huduma za Google zilianguka kwa kama dakika 45, lakini kilichoanguka ni sehemu ya kutambua akaunti tu. Aliyefungua YouTube kwenye kivinjari bila kuingia kwenye akaunti yake aliangalia video kama kawaida. Basi ikikugomea, ijaribu kwenye dirisha la faragha la kivinjari. Ikicheza humo, tatizo liko kwenye akaunti, yako au ya wote.

Tovuti zinazokusanya malalamiko, kama Downdetector, zinasaidia, ila zinahesabu wanaolalamika, na wengi wao wako Ulaya na Marekani. Mchoro uliotulia haumaanishi kwamba Mwanza au Kisumu kuko salama.

Kila kitu kizito, ila baadhi ya video zinacheza safi

Hii ni sura ya waya wa baharini uliokatika. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilikatika upande wa kusini, karibu na pwani ya Afrika Kusini. Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Malawi na Msumbiji zote zilihisi. Kilichofanya uchungu uzidi ni kwamba tangu Februari mwaka huo nyaya kadhaa, Seacom ikiwemo, zilikuwa zimekatika kwenye Bahari ya Shamu, na mizigo mingi ilikuwa imehamishiwa kusini. Kusini nako kukakatika. Mitandao ya simu ikabaki inagombania njia zilizobaki, na watu wakaishi na intaneti ya kusuasua hadi meli ya matengenezo ilipofanya kazi yake.

Siku kama hizo utaona jambo linaloonekana la ajabu: barua pepe haifunguki, simu ya WhatsApp ya nje inakatakata, lakini wimbo mpya wa Bongo Fleva kwenye YouTube unacheza bila kukwama. Google na Netflix huweka nakala za video zinazotazamwa sana kwenye seva zilizo ndani ya mitandao ya watoa huduma, karibu na mtazamaji. Video inayopendwa haivuki bahari kila mara unapoigusa. Ile ya mhadhara wa fizikia iliyotazamwa na watu wachache, hiyo inatoka mbali, na itazunguka.

Ukitambua sura hii, usibadilishe kitu kwenye simu. Punguza ubora wa video, pakua usiku wa manane, tuma sauti fupi badala ya kupiga simu ya video. Laini ya mtandao mwingine inaweza kuwa nafuu kama mtandao huo umenunua njia kwenye waya usiokatika, kwa hiyo jaribu ya rafiki kabla ya kusajili yako.

Programu moja imekufa nchi nzima, kwa mitandao yote

Wakati mwingine hakuna kilichoharibika. Imefungwa. Dalili zake: programu moja au mbili zimekufa kwenye laini zote ndani ya nchi, ndugu aliye nchi jirani anazitumia, na mambo mengine yote yanafunguka kwa kasi ya kawaida. Tanzania, X iliacha kufunguka hivi Mei 2025. Kenya ilipata kero ya Telegram wakati wa mitihani ya KCSE, ya kumaliza sekondari, mwaka 2023 na tena 2024. Uganda iliifunga Facebook Januari 2021, wiki ya uchaguzi, na miaka ikapita bila kufunguliwa. Kisha kuna kuzimwa kwa jumla: siku ya uchaguzi wa Tanzania, tarehe 29 Oktoba 2025, intaneti ilikatika karibu nchi nzima na ikaanza kurudi siku kadhaa baadaye. Tovuti za Cloudflare Radar na NetBlocks huonyesha mambo haya, na mtu aliye nje anaweza kukuangalilia: mchoro wa trafiki ya nchi ukianguka wima kama ukuta, kwa wakati mmoja kwa mitandao yote, hiyo si ajali ya waya. Waya ukikatika hubaki kitu kinachopita kwenye njia nyingine.

Hapo watu hukimbilia VPN. Nina mawili ya kusema. Kwanza sheria: Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilitoa tangazo kuwataka wanaotumia VPN Tanzania wajisajili kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo, kwa mujibu wa kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2020. Jua uko wapi kabla ya kugusa. Pili usalama: VPN ya bure isiyojulikana inapitisha kila unachofanya kwa mtu usiyemjua, na siku za kufungiwa ndizo siku ambazo za uongo huzaliana. Na intaneti ikizimwa yote, VPN haina pa kupita. Kuipakua tena na tena ni kumaliza betri. Siku hizo SMS na simu ya kawaida ndizo za kujaribu, kama nazo hazijaguswa.

Video inazunguka kila jioni

Ikicheza alfajiri na kukwama kuanzia saa mbili usiku, mnara wenu umejaa. Hakuna dawa ya simu. Kusogea karibu na dirisha husaidia kidogo kama alama za mtandao ni chache. Zikiwa zimejaa na bado ni nzito, ni foleni. Wenye vifurushi "visivyo na kikomo" waangalie kama wamefikia kiwango ambacho baada yake kasi hupunguzwa. Kikomo kipo, kimeandikwa kwa herufi ndogo.

Netflix inataka kasi ya Mbps 3 kwa picha ya 720p, Mbps 5 kwa 1080p, na 15 kwa 4K. Pima kwa fast.com, ambayo ni ya Netflix yenyewe na inapima kutoka kwenye seva zao, halafu pima na kipimo kingine. Kimoja kikisema 20 na fast.com ikisema 2, intaneti yako ni nzima lakini njia ya kuelekea Netflix ndiyo iliyobanwa au iliyojaa; hilo ni la kumuuliza mtoa huduma. Ujumbe wa Netflix wenye M7111-5059 unamaanisha wameona VPN, izime. NW-2-5 ni mtandao wa nyumbani. UI-800-3 mara nyingi huondoka ukitoka kwenye akaunti na kuingia tena, au ukifuta akiba ya programu. Kuambiwa kipindi hakipo nchini kwako si hitilafu, ni haki za kuonyesha.

Wale wa programu za YouTube zilizochezewa ili zisionyeshe matangazo: zitakufa ghafla siku Google ikibadilisha kitu, au zitafungwa kwa sababu za kisheria, kama Vanced ilivyofungwa mwaka 2022. Jaribu programu halisi kwanza, kisha ndipo ulalamike.

Ndugu yuko Dubai: meseji zinapita, simu haziiti

Kila wiki kuna mzazi anayeambiwa simu yake ni mbovu kwa sababu mwanawe aliye Dubai akipigiwa WhatsApp inaunganisha bila mwisho. Simu zote mbili ni nzima. Falme za Kiarabu zinazuia simu za sauti na video za WhatsApp huku zikiruhusu meseji, picha na sauti za kurekodi. Kubadili simu, laini au bando hakusaidii upande wowote. Programu zinazoruhusiwa kule zipo, Botim ndiyo maarufu, na Zoom na Teams pia hufanya kazi. Mzazi aweke mojawapo huku. Mwana asishawishiwe kutumia VPN kiholela, maana sheria ya kule kwa anayeitumia kutenda kosa ina faini inayoanzia dirham 500,000.

Kodi haiji, au akaunti imefungiwa

Kodi ya tarakimu sita isipokuja, hakikisha namba imeandikwa kwa +255, +254 au nyingine inayohusika, bila ile sifuri ya mwanzo. Kisha subiri. Kila ukibonyeza "tuma tena", muda wa kusubiri unarefuka kutoka dakika hadi saa. Laini lazima iwe hewani kwa SMS. WhatsApp haitaki laini iwe na salio, inataka iwe hai.

Kodi ikija bila wewe kuiomba, kuna anayejaribu kuingia kwako. Usimpe mtu, awe anajiita huduma kwa wateja, awe rafiki aliyekosea namba, awe kiongozi wa grupu la kanisa. Siku huduma zinapoanguka ndipo matapeli hawa hupiga zaidi, kwa sababu wanajua unasubiri msaada. Ukiwa umeshaitoa, isajili namba yako upya mara moja: ukiingiza kodi mpya ya SMS, yule mwizi anatolewa. Kama aliweka PIN ya hatua mbili, utasubiri siku saba ndipo uingie bila PIN, lakini hata yeye hayumo muda huo wote. Waonye watu kwa SMS, kwa maana atakuwa ameshaanza kuomba hela kwa jina lako.

Ujumbe kwamba akaunti hairuhusiwi kutumia WhatsApp ni tofauti. Ukiwa na saa inayohesabu kurudi nyuma, umefungiwa kwa muda, na kwa wengi chanzo ni GB WhatsApp na ndugu zake, yaani WhatsApp zilizochezewa. Hamisha mazungumzo yako kama inawezekana, iondoe, weka halisi, subiri saa iishe. Bila saa, omba mapitio ndani ya WhatsApp halisi. Anayedai ana "mtu wake ndani" wa kukufungulia kwa hela ni mwongo.

Na kama imebidi kweli kuifuta WhatsApp na kuiweka upya, ingia kwanza kwenye Mipangilio, Gumzo, uangalie tarehe ya bakapu ya mwisho. Ikiwa ni ya mwaka juzi, fanya mpya ukiwa kwenye waifai, na hakikisha akaunti ya Google iliyoandikwa pale ni yako na unaikumbuka nywila yake. Simu za mitumba huja na akaunti ya mwenye nazo wa kwanza, na bakapu imekuwa ikienda kwake, au haijaenda popote.

Ukipiga huduma kwa wateja, usiwaambie "mtandao unasumbua". Waambie saa ulipoanza, eneo, laini au waifai, programu ipi inafunguka na ipi haifunguki, na kwamba umejaribu kifaa kingine kwenye njia hiyohiyo. Ukiwapa hayo, watapungukiwa sababu ya kukuambia uzime simu na kuiwasha.